Mgonjwa Ndani ya Mashua: Nani Analipa Gharama ya Huruma?



Katika toleo hili nataka tufikiri pamoja juu ya swali ambalo limesikika sana katika jumuiya zetu siku hizi, hasa kwa vijana wa kwaya. Swali ni hili: je, ni haki kumwachia mgonjwa nafasi ambayo mwenye afya angeweza kuijaza? Nitafika kwenye habari ya kwaya. Lakini nimeona ni afadhali tuanzie mbali, kwa sababu swali likitugusa karibu mno tunaanza kutazama nyuso za watu, nani ni shemeji ya nani, badala ya kulitazama swali lenyewe. Na mbali ninakotaka twende ni Marekani na Ujerumani, mwaka 1936, kwa vijana tisa wa chuo kikuu waliosafiri ng'ambo kushindana kupiga makasia.

Wengi wetu tulivuka Ziwa Albert mwaka 2018 kwa mashua za wavuvi mpaka Sebagoro, kwa hiyo hakuna haja ya kutufundisha kasia ni nini, wala upepo wa ziwani ni nini. Lakini mashua ya mashindano ni kitu kingine. Ni ndefu na nyembamba kama sindano: ile ya vijana hawa, iliyoitwa Husky Clipper, ilikuwa na urefu wa karibu mita 19, na upana wake haukufika mita moja. Iliundwa na fundi mmoja Mwingereza aliyehamia Amerika, George Pocock, kwa mbao za mti unaoitwa mwerezi mwekundu (si mwerezi wa Lebanoni, ingawa jina linafanana), zilizochongwa nyembamba mno. Ndani wanakaa watu wanane, kila mmoja na kasia moja, na mtu wa tisa ni mshika usukani, ambaye hapigi kasia.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Mvuvi wetu katika mtumbwi anatazama mbele, anaona anakokwenda. Hawa wanane wanakaa wameipa mbele mgongo. Wanaona walikotoka tu. Anayeona mbele ni mshika usukani peke yake, naye hana kasia. Kwa hiyo mwenye macho hana nguvu, na wenye nguvu hawana macho. Kila mmoja anapiga kasia kwa kumwamini mwenzake, na akikosea pigo moja, yaani kasia likiingia majini mapema au likichelewa, mashua yote inayumba na wote wanahisi mgongoni.

Kati ya hao wanane kuna mmoja anayekaa karibu kabisa na mshika usukani, uso kwa uso naye. Huyu ndiye kiongozi wa mapigo. Wote saba walio nyuma yake wanafuata mwendo wa kasia lake. Akiharakisha, wanaharakisha. Si lazima awe mwenye misuli mikubwa kuliko wote. Kinachotakiwa kwake ni mwendo ulio sawa, usiobadilika kwa woga wala kwa uchovu. Mnaoimba mnamjua mtu wa namna hiyo. Ni yule anayeanzisha wimbo, ambaye akikosa sauti ya kwanza, sauti zote nne zinatafutana kama watu gizani.

Vijana hawa walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, katika mji wa Seattle, magharibi kabisa mwa Marekani. Mchezo huo wakati ule ulijulikana kama mchezo wa watoto wa matajiri wa vyuo vikubwa vya mashariki. Hawa walikuwa watoto wa wakulima, wakata magogo na wafanyakazi wa kawaida, na nchi yao ilikuwa katika njaa ya kazi iliyoanza mwaka 1929, watu wakipanga foleni kupewa supu. Msishangae nikisema Wamarekani walipanga foleni ya chakula. Walipanga.

Mmoja wao nitamtaja kwa kirefu kidogo, kwa sababu maisha yake yanalihusu swali letu. Ni Joe Rantz. Alizaliwa mwaka 1914. Mama yake alifariki Joe akiwa mtoto mdogo, baba akaoa mke mwingine, wakazaliwa watoto wengine. Mwaka 1929, Joe akiwa na miaka 15, wakiishi mahali panapoitwa Sequim, alirudi kutoka shule akakuta familia imepakia vitu katika gari, na wadogo zake wamekaa ndani. Aliambiwa kwamba yeye anabaki. Gari likaondoka. Kijana akabaki peke yake katika nyumba ambayo ujenzi wake haukuwa umekamilika, akaishi kwa kuvua samaki, kukata miti na vibarua vya kila namna, akaendelea na shule mpaka akaingia chuo kikuu. Kiangazi cha mwaka 1935 alikwenda kufanya kazi katika ujenzi wa bwawa kubwa la Grand Coulee, akining'inia kwa kamba kwenye jabali, mkononi ameshika mashine ya kuvunjia mawe, ili apate ada ya mwaka uliofuata.

Mtu aliyeachwa njiani anajifunza jambo moja vizuri sana, nalo ni kutomtegemea mtu. Sisi hapa makazini tunalijua somo hilo. Linakupa uhai. Unaficha kidogo ulichonacho, huulizi, huombi, unajifanya huna haja na mtu. Lakini somo hilohilo ni sumu ndani ya mashua. Kocha wao, Al Ulbrickson, mtu mkimya sana, alimwona Joe kuwa na nguvu nyingi lakini hakuweza kujua amweke wapi; alimpandisha na kumshusha kutoka mashua moja hadi nyingine. Pocock, yule fundi, ndiye aliyekaa naye katika karakana yake na kumwonyesha kwamba tatizo lake si mikono. Alikuwa anapiga kasia kana kwamba yuko peke yake majini, kana kwamba mashua yote ni juu yake. Alipojifunza kuwaachia wenzake sehemu ya mzigo, na masika ya mwaka 1936 alipowekwa pamoja na wale wanane ambao sasa tunawajua, mashua ile ilikwenda kuliko zote ambazo Ulbrickson alikuwa amezipanga.

Walishinda mashindano ya nyumbani. Mwezi Julai 1936 walishinda mchujo wa Olimpiki huko Princeton. Wakaambiwa, mara tu baada ya kushinda, kwamba hakuna fedha za kuwapeleka Berlin. Wapate dola 5,000 wenyewe, la sivyo nafasi itakwenda kwa timu ya Pennsylvania, ambayo wao walikuwa wameishinda lakini ilikuwa na uwezo wa kujilipia. Watu wa Seattle na miji jirani walichanga, wengine kidogo kidogo mitaani, na fedha zikapatikana katika siku chache. Hilo nalipita haraka, ingawa kila anayekusanya sadaka ya ujenzi katika kanisa letu anaweza kukaa nalo usiku mzima.

Walipanda meli iliyoitwa Manhattan kutoka New York tarehe 15 Julai, pamoja na wanamichezo wengine wa Marekani. Na hapo ndipo ugonjwa ulipokuja. Don Hume, kiongozi wa mapigo, aliugua kifua. Homa ilipanda na kushuka, mwili ulipungua. Walipofika Ujerumani hakupona. Tarehe 12 Agosti walishindana katika mchujo, wakawashinda Waingereza kwa muda wa dakika 6 na sekunde 0.8, muda bora kuliko wote, lakini Hume alipomaliza nguvu zilikuwa zimemwishia kabisa. Alirudi kitandani. Fainali ilikuwa tarehe 14.

Ulbrickson akaamua. Hume hataweza. Mahali pake atakaa Don Coy, mpiga kasia wa akiba, mzima wa afya, aliyesafiri nao kwa ajili ya hali kama hiyo.

Wale wenzake wakamwendea kocha. Hawakuwa na desturi ya kubishana naye. Walimwambia kwamba wamezoea mapigo ya Hume, kwamba bila yeye si mashua ileile, na kwamba kama kocha atamweka tu ndani, amfunge hata kwa kamba, wao watamvuta mpaka mwisho. Ulbrickson akakubali. Hume akaenda majini.

Tukae hapa, maana hapa ndipo swali lilipo.

Kuna watu husimulia habari hii kama mfano wa upendo tu: walimpenda mgonjwa, hawakumwacha. Kuna wengine, na mzee mmoja wa jumuiya yetu ni miongoni mwao, wanasema hapana, hiyo haikuwa huruma hata kidogo. Walimtaka kwa sababu walijua hawashindi bila yeye. Hume mgonjwa alikuwa na faida kwao kuliko Coy mzima. Kama faida ingekuwa upande wa Coy, wangemwacha Hume kitandani na kumletea maua. Kwa hiyo, anasema mzee, msituletee mfano wa wanamichezo kutufundisha huruma.

Hoja ya mzee ni nzito na siwezi kuipita pembeni. Je, wema unaotufaidia sisi wenyewe bado ni wema? Mimi nafikiri swali hilo limekatwa vibaya. Linafikiri kwamba ndani ya mtu kuna vyumba viwili, kimoja cha faida na kingine cha upendo, na kwamba ukitoka na kitu mkononi lazima tujue umekitoa chumba kipi. Lakini vijana wale walikuwa wamekaa mgongo kwa uso miezi mingi, mvua na baridi, wakifuata kasia la mtu mmoja mpaka pumzi zao zikawa pamoja. Ukiwauliza wamemtaka Hume kwa sababu wanamhitaji au kwa sababu wanampenda, hawangekuelewa. Mama anayemnyonyesha mtoto ambaye atamlea uzeeni, tutamwuliza ananyonyesha kwa upendo au kwa hesabu? Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho na kulifananisha kanisa na mwili, hakusema jicho liuhurumie mguu. Alisema viungo vinahitajiana. Haja si aibu katika upendo. Mara nyingi ndiyo mlango wake.

Kwa hiyo siwapimi vijana wale kwa kuuliza kama walikuwa na faida. Nawapima kwa kitu kingine, nacho ni hiki: walipomwombea Hume nafasi, walisema nani atalipa? Walisema: sisi. Maneno yao hayakuwa kwamba kocha atafute njia, au shirika lilete dawa, au Hume ajikaze. Waliahidi mikono yao wenyewe. Watamvuta. Kila mmoja alijua maana yake, kwamba katika mita 2,000 zile, kama kasia moja litalegea, uzito wake utagawanywa katika migongo saba mingine, na hakuna atakayeuona uzito huo isipokuwa wao.

Ninaikumbuka hapa habari ya wale wanne wa Kapernaumu waliombeba mwenzao aliyepooza, wakashindwa kupita mlangoni, wakatoboa paa. Mwinjili Marko hatuambii majina yao. Anatuambia idadi yao na kazi waliyoifanya kwa mikono. Wangeweza kusimama mlangoni wakipiga kelele kwamba mgonjwa apewe nafasi, kwamba watu waliojaa ndani hawana utu. Walibeba.

Na Coy je?

Hilo ndilo ambalo wasimuliaji wengi hulipita. Kuna kijana aliyekuwa ameambiwa kwamba atashindana katika fainali ya Olimpiki, mbele ya makumi ya maelfu ya watu, na siku hiyohiyo akaambiwa hapana. Hakuwa na kosa. Alikuwa na afya, alikuwa tayari, alikuwa amesafiri bahari nzima. Huruma aliyopewa Hume ilikuwa pia nafasi aliyonyang'anywa Coy. Tukisema kwamba wanane wale walilipa gharama yote, tunasema uongo. Sehemu yake aliilipa Coy, bila kuulizwa. Sisemi walikosea. Nasema kwamba karibu kila huruma inayohusu nafasi chache ina Coy wake amesimama ufukweni, na wema wetu hauwi kamili mpaka tumegeuka kumtazama.

Lazima pia niseme neno juu ya nchi walikokwenda, maana mwenye kusoma atauliza. Berlin ya mwaka 1936 ilikuwa chini ya Hitler. Tangu mwaka 1933 kulikuwa na sheria ya kuwafanyia upasuaji wa kuwazuia kuzaa watu waliohesabiwa kuwa na magonjwa ya kurithi. Mwaka 1935 Wayahudi walinyang'anywa uraia. Wiki chache kabla ya michezo, mwezi huohuo wa Julai ambao vijana wetu walipanda meli, polisi waliwakusanya mamia ya Waroma wa mji wa Berlin na kuwapeleka kwenye kambi huko Marzahn, ili wageni wasiwaone. Huko Marekani kulikuwa na ubishi mkubwa kama ni haki kwenda, na walioshinda kwa kura chache ni waliosema twende. Mshika usukani wa mashua yetu, Bobby Moch, alikuwa amemwandikia baba yake kuomba anwani za ndugu zao wa Ulaya ili awatembelee. Baba akamjibu kwa barua, akamfunulia jambo alilokuwa amemficha maisha yake yote: kwamba wao ni Wayahudi. Kijana akaisoma barua hiyo peke yake, kisha akaenda Berlin na siri hiyo mpya kifuani.

Siwafanyi vijana wale kuwa mashujaa wa siasa. Walikwenda kushindana, wakakaribishwa vizuri, wakaona barabara safi kama wageni wote. Lakini mimi, mtu wa makazi ya wakimbizi, siwezi kusoma habari hii bila kuona kwamba serikali iliyowakaribisha ilikuwa na jibu lake tayari kwa swali letu. Jibu lake lilikuwa kwamba asiye na nguvu, asiye wa damu yetu, asiyefaa, atolewe ndani ya mashua ili mashua iende mbio. Na tunajua mashua hiyo ilifika wapi, na iliwatupa wangapi.

Fainali yenyewe ilikuwa katika ziwa la Langer See, huko Grünau. Ingawa walikuwa na muda bora katika mchujo, Wamarekani walipangiwa njia ya sita, iliyopigwa na upepo, na Wajerumani na Waitalia wakapewa njia zilizokingwa. Amri ya kuanza haikusikika vizuri wakachelewa kuondoka. Kwa muda mrefu walikuwa nyuma. Moch, uso kwa uso na Hume, alimwona amefumba macho, kinywa wazi, akipiga kasia kama mtu aliyelala. Alimwambia aongeze mwendo wala Hume hakujibu. Moch akafikiria kumpa kazi hiyo mwingine. Kisha Hume akafumbua macho. Mwendo ukapanda, ukapita mapigo 40 kwa dakika, na mashua zikavuka mstari zikiwa karibu pamoja. Marekani dakika 6 na sekunde 25.4. Italia 26.0. Ujerumani 26.4. Kutoka wa kwanza hadi wa tatu ni sekunde moja.

Sasa fikirini. Sekunde moja ikienda upande mwingine, wangekuwa wa tatu. Je, uamuzi wa kumweka Hume ungekuwa mbaya? Watu wangesema: si tulisema, mngemweka Coy. Hakuna kitabu ambacho kingeandikwa mwaka 2013, wala filamu ya mwaka 2023. Lakini asubuhi ya tarehe 14, walipokuwa wamesimama mbele ya kocha, hawakujua lolote juu ya sekunde hiyo. Walichojua ni Hume na wao wenyewe, na ahadi yao. Kama uamuzi ulikuwa mwema, ulikuwa mwema asubuhi ile, kabla ya mashindano. Kushinda hakuwezi kurudi nyuma na kuufanya mwema, na kushindwa kusingeweza kuuharibu. Nawaomba vijana wa kwaya walikumbuke hilo, kwa sababu nasikia hoja zikisemwa hivi: tukimpeleka na tukashinda, vizuri; tukimpeleka na tukashindwa, nani atajibu? Hoja hiyo inampima dada yetu kwa kombe ambalo bado liko kabatini kwa watu wengine.

Basi, habari ya kwaya. Wote mnajua kwamba kwaya imealikwa kwenye tamasha la kwaya huko Hoima, na kwamba gari la kukodi lina viti 14. Mnajua pia kwamba dada anayeanzisha nyimbo ana ugonjwa wa selimundu, kwamba mwaka huu amelazwa zaidi ya mara moja, na kwamba kuna binti mwingine, mwenye sauti nzuri, aliyejifunza nyimbo zote na yuko tayari. Sitataja majina katika gazeti. Makazi ni madogo, na watoto wao wanasoma shule moja.

Wanaosema dada abaki wana sababu ambazo si za ukatili. Safari ni ndefu na ya vumbi, baridi ya asubuhi inaweza kumletea maumivu, na hospitali ya ugenini si kituo chetu cha afya ambako wahudumu wanamfahamu. Hapa mfano wa Hume unatufunga mdomo kidogo, kwa sababu mgonjwa wa kifua anayepigishwa kasia mpaka kuzimia anaweza kufa, na kama Hume angekufa, ahadi ya wenzake isingemrudisha. Kumvuta mtu si sawa na kumburuta. Kwa hiyo neno la kwanza si la kamati wala si la kwaya, ni la mhudumu wa afya, na la pili ni la dada mwenyewe, ambaye ni mtu mzima na anaujua mwili wake kuliko sisi. Nimehudhuria vikao viwili vilivyojadili afya yake. Yeye hakuwepo katika hata kimoja.

Lakini tuseme mhudumu ameruhusu, naye dada anataka kwenda. Ndipo nawageukia wale wanaosema kwa sauti kubwa kwamba lazima aende, kwamba kumwacha ni dhambi. Nakubaliana nanyi. Ila naomba msimame mmoja mmoja mseme mtabeba nini. Nani atabeba mzigo wake na blanketi lake? Nani atahakikisha maji ya kunywa yapo njiani wakati wote, maana tunafundishwa kwamba kukosa maji ni hatari kwa mgonjwa wa selimundu? Usiku akishikwa na maumivu, nani atabaki naye hospitali siku ya tamasha, akose kuimba, akose hata kuona? Na kama viti ni 14 na mwenye kumwuguza hana kiti, nani atashuka garini? Nimesikia watu wengi wakigawa kiti cha yule binti. Sijasikia bado mtu akigawa cha kwake.

Kuna hoja nyingine ambayo imesemwa na wazee, kwamba kanisa si mashua ya mashindano, na kwamba kama ni ibada tu, anayeanzisha nyimbo angeweza kuwa mtu yeyote. Ni kweli kanisa si mashua ya mashindano. Lakini basi tukumbuke ni mashua ya namna gani. Katika zile tulizovukia ziwa, upepo ulipoanza, watu walitupa majini magunia, magodoro, hata sufuria. Vitu tulivitupa. Hakuna aliyeuliza ni nani kati ya watu aliye dhaifu zaidi ili ashuke. Na waliokuwa na nguvu ya kukomba maji kwa ndoo walikomba kwa niaba ya wazee na wajawazito, bila kikao.

Juu ya yule binti wa akiba, nina ombi moja la wazi. Kama hataenda, asiachwe ajue kwa kusikia bombani wakati wa kuteka maji. Viongozi wamwendee nyumbani, mbele ya wazazi wake, wamwambie kwamba hakushindwa na mtu, na kwamba nafasi yake imetumika kwa ajili ya mwenzake, na wamwulize, siyo wamwarifu. Huenda atakataa. Akikataa, ana haki hiyo, na tutalazimika kufikiri upya.

Kamati ya kwaya itakaa Jumapili hii baada ya ibada ya pili, chini ya mwembe. Safari hii wameitwa wote wawili, dada na binti, na muuguzi wa kituo cha afya ameahidi kufika kabla ya saa nane.